Sauti Ndani ya Mwiko

Nyumbani kwa kina Hadidja, mtu akitaka kumwita Babu Aboubakar hakujisumbua kupaza sauti. Aligonga benchi. Lilikuwa benchi zito la mbao ngumu, alilolitengeneza Babu mwenyewe zamani alipokuwa mfanyakazi wa reli, na kutwa alilikalia barazani akichonga mipini ya majembe na miiko ya kusongea ugali. Ukiligonga kwa vidole, hata kama Babu amekupa mgongo, aligeuka papo hapo na kutabasamu.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Hadidja aliteka maji, akafagia uwanja, akagonga benchi, akampa Babu kikombe cha chai. Babu alikipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua ya masomo, naye Hadidja akaitikia "Amina" ambayo Babu hakuisikia. Babu hakusikia kitu tangu wakati wa vita. Hata adhana ya msikiti wa mtaani ilimpita tu juu ya kofia. Alijua wakati wa sala kwa kuwaona majirani wakishika birika kwenda kutawadha.

Na kwa sababu Babu hasikii, watu wa nyumba ile walikuwa na tabia moja: mambo yote waliyasema mbele yake. Jirani gani amegombana na mumewe, baba ametuma habari gani kutoka Punia alikokwenda kwa biashara, nani hapendwi na nani, yote yalimwagwa barazani kama maji ya kuoshea vyombo. Hapo hapo kando ya benchi ndipo Hadidja alipomnong'oneza rafiki yake Yvette kwamba termosi ya mama aliivunja yeye, wala si mdogo wake Soudi, ambaye maskini alikuwa amekwisha kemewa kwa kosa hilo. Babu aliendelea kuchonga.

Siku ya Jumanne Mwalimu Nestor aliingia darasani na beseni kichwani kama mama anayetoka mtoni. Darasa zima likaangua kicheko.

"Chekeni, chekeni," alisema. "Leo maabara yetu njo hii."

Aliliweka beseni mezani, akalijaza maji, akangoja yatulie kabisa. Kisha akaweka juu yake kipande kidogo cha jani la mgomba, na pembeni akadondosha kijiwe. Viduara vya maji vikatoka pale kilipoanguka, vikatanuka mpaka ukingoni.

"Wimbi limekwenda wapi?" aliuliza.

"Ku ukingo, Mwalimu!"

"Na jani?"

Watoto walisogea, wakakanyagana. Jani lilikuwa limepanda na kushuka, lakini lilikuwa pale pale. Yvette, ambaye hakuzaliwa ili akubali jambo haraka, alikunja uso.

"Mwalimu, mimi nakataa. Ku muto Lualaba jani linaendaka. Tunaona kila siku, linashuka mpaka linapotea."

"Uzuri umekataa," alisema Mwalimu. "Ku Lualaba kuna mukondo, njo unaobeba jani. Hapa hakuna mukondo. Wimbi halichukui maji wala jani. Linachukua mutikisiko tu, linaupeleka mbele."

Akawapanga mstari mmoja, kila mtu na mikono juu ya mabega ya mwenzake, akamsukuma kidogo wa nyuma kabisa. Msukumo ukapita mgongo kwa mgongo mpaka wa mbele akajikuta amekumbatia ubao, na bado kila mtu alikuwa amesimama mahali pake. Baadaye alifunika kopo kwa mfuko wa plastiki uliovutwa sawasawa, akaweka punje za mchele juu yake, akamwambia Yvette apige kelele karibu nalo. Punje zikarukaruka.

"Sauti nayo ni wimbi," alisema. "Inatikisa hewa. Hewa inatikisa ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, na kutoka pale mutikisiko unaingia ndani zaidi. Njo tunasikia."

Hadidja aliinua mkono. "Na kama ile ngozi imepasuka, Mwalimu?"

Mwalimu Nestor alijua anamuulizia nani. Mtaa mzima ungejua.

"Basi wimbi linafika mulangoni, lakini mulango umeharibika," alijibu kwa upole.

Kabla ya kengele aliwapa kazi. Kila wawili watengeneze simu ya makopo, wajue wenyewe ni kitu gani kinaifanya ipeleke sauti na kitu gani kinaizuia. Jumamosi wazazi wangekuja shuleni, chakula kingepikwa uwanjani, na watoto wangeonyesha walichokipata.

"Lakini sikieni vizuri. Usijipendelee. Jaribio zuri ni lile lenye ruhusa ya kukuambia hapana."

Hadidja na Yvette waliokota makopo mawili ya maziwa, wakayatoboa chini, wakapitisha waya mwembamba wa shaba uliotoka katika redio mbovu. Waya ukilegea, kimya. Waya ukigusa ukuta, kimya. Lakini walipouvuta ukanyooka, sauti ya Yvette iliingia sikioni mwa Hadidja kana kwamba amejibanza ndani ya kopo lenyewe. Hadidja akamtazama Babu kwenye benchi lake, na wazo lilimjia kwa nguvu mpaka akasahau kufunga mdomo.

Huenda sauti hii, inayokuja imekusanyika hivi, ingeweza kupita hata kwenye mlango ulioharibika. Alikimbia kumwita mama yake, Ramla, binti wa Babu. Mama Ramla alitoka jikoni na mwiko mkononi, Soudi nyuma yake, na wote wakajipanga mbele ya baraza. Hadidja alimwekea Babu kopo moja sikioni, naye akarudi nyuma na la pili mpaka waya ukanyooka.

"Nimuambie nini?" alimuuliza mama.

"Muulize anataka sombe ao samaki."

Hadidja akazamisha mdomo ndani ya kopo. "Babu, unataka sombe ao samaki?"

Babu alilibana kopo sikioni kama anayesikiliza. "Samaki," alisema. "Na pilipili kidogo."

Jamani! Mwiko ulianguka mavumbini. Soudi alizunguka uwanja akipiga mayowe, Yvette akacheza, na Hadidja alihisi kifua kinataka kupasuka kwa furaha. Walimuuliza jina la mtaa, walimuuliza rangi ya mbuzi wa jirani, na kila swali walilolishauriana kwanza, Babu alilijibu.

Mwisho Mama Ramla alilichukua kopo. Aliliweka mdomoni. Akalishusha.

"Hapana," alisema. "Nimengojea siku nyingi sana. Sitaanza na mambo ya samaki. Nitasema Jumamosi, mbele ya watu."

Jioni, akitwanga jikoni majani ya muhogo ya kupika sombe, alimweleza Hadidja sababu. Hadidja alikuwa akiijua habari ile nusu nusu tu, vile watoto wanavyojua mambo ya vita.

Wakati ule Mama Ramla alikuwa na miaka sita. Treni ziliacha kuja mjini kwao Kindu, chumvi ikawa kitu cha kuota ndotoni, na watu waliishi masikio juu. Babu alikuwa akienda relini kila asubuhi ingawa hakukuwa na kazi. Aliinama na kuweka sikio kwenye chuma, kwa maana wafanyakazi wa reli walijua treni inakuja kwa kusikiliza reli kabla haijapiga honi. Siku moja alikuwa amemshika Ramla mkono, mapigano yakafika karibu na stesheni ghafla. Babu alimlaza binti yake chini ya ukuta, akamfunika kwa mwili wake, na kwa mikono yake miwili akamziba masikio. Kombora likaanguka jirani.

"Mimi nilisikia kama mulango umefungwa mbali," alisema Mama Ramla. "Yeye, mikono yake yote miwili ilikuwa ku masikio yangu. Ya kwake yalikuwa wazi. Tangu siku ile sijamuambia asante kwa kinywa akaisikia. Ananionaka nalia, ananipapasa kichwa, basi."

Akaendelea kutwanga. Hadidja alipitisha kiganja usoni na kusingizia moshi.

Alhamisi, aliporudi kutoka shuleni, Hadidja alitaka mazoezi mengine. Safari hii alisimama ndani ya nyumba, karibu na dirisha, na waya ukapita dirishani mpaka kwa Babu barazani. Soudi alikuwa nje, amekaa miguuni pa Babu.

"Unamuuliza nini leo?" Soudi alipaza sauti.

"Amechonga mipini ngapi!" alijibu Hadidja, kichwa nje ya dirisha. Kisha akarudi ndani na kusema yale yale ndani ya kopo.

"Mipini ine," alijibu Babu kutoka nje. "Na muiko moja."

Hadidja alicheka. Akashusha kopo, na macho yake yakaanguka sakafuni. Ncha ya waya ilikuwa imelala pale karibu na mguu wake. Fundo lilikuwa limefunguka, kopo alilolishika halikuunganishwa na kitu chochote duniani.

Aliiokota ile ncha. Halafu alitoka nje, akamtuma Soudi kwa jirani, akasimama mbele ya Babu huku ameushika waya. Babu aliutazama waya, kisha akaweka kisu chini.

"Babu, husikii."

"Hapana, mutoto wangu," alisema Babu taratibu. "Ninaona."

Akamweleza. Miaka mingi ya kukaa kwenye benchi, akitazama vinywa vya watu, ilimfundisha kusoma midomo. Mwanzoni neno moja moja, baadaye yote. Kila swali walikuwa wakilishauriana mbele yake, midomo wazi, kabla ya kulisema ndani ya kopo. Hakuhitaji zaidi.

"Na hukutuambia!"

"Ningewaambia, mungeacha kusema mbele yangu. Ningebakia na nani?" Babu akatabasamu kidogo. "Mimi njo najua habari za mutaa huu kuliko mutu yeyote. Na ile termosi, najua nani aliivunja."

Hadidja alijiziba mdomo kwa viganja. Babu alicheka mpaka mabega yakatikisika, halafu kicheko kikakatika katikati.

"Maneno ninayaona, Hadidja. Sauti njo sina. Ya mama yako niliiacha ikiwa ya mutoto mudogo. Yako sijaipata hata siku moja."

"Sasa kwa nini ulidanganya?"

"Uso wako ulikuwa unawaka. Na mama yako, ulimuona? Ningesema hapana namna gani?" Akamshika mkono. "Tuache hivi. Jumamosi atasema, mimi nitaangalia midomo yake, nitamujibu vizuri. Nani ataumia?"

Hadidja alimpenda Babu kuliko walimu na marafiki wote wakiwekwa pamoja, na alijua kwamba uongo ule umetoka katika mapenzi hayo hayo. Lakini kila alipomfikiria mama yake, na maneno aliyoyabeba tangu utoto, akiyamwaga ndani ya kopo lisilopeleka kitu, aliona hawezi kuliacha jambo hilo hivyo. Jioni alimwendea mama jikoni ili aseme kila kitu. Kilichotoka ni termosi tu.

Alikemewa sawasawa, akamwomba Soudi msamaha, akapewa sufuria zote za nyumbani kuzisugua. Ajabu ni kwamba alipozimaliza alijisikia mwepesi. Lakini lile jambo kubwa alikuwa bado hajalisema.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Masufuria ya wali na sombe yalikuwa mekoni, akina mama walikuwa wamevaa vitenge vyao vizuri, na habari za mzee kiziwi aliyeponywa kwa kopo la maziwa zilikuwa zimefika mpaka ng'ambo ya mto. Babu Aboubakar alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Mama Ramla alikuwa akisaidia kupika, lakini jina la binti yake lilipoitwa alikuja na mwiko wake mkononi, akasimama mbele kabisa. Macho yake yalikuwa mekundu, na midomo ilikuwa tayari inajaribu maneno.

Hadidja alisimama katikati na kopo lake. Alimtazama Babu. Babu alimpa ishara ndogo ya kichwa: endelea tu. Alimtazama mama, kisha akamgeukia Mwalimu Nestor.

"Mwalimu," alisema, "simu yetu inapeleka sauti kwangu na kwa Yvette. Kwa Babu haipeleki. Babu hasikii. Anasoma midomo yetu. Juzi waya ulikuwa umechomoka ku kopo na bado alinijibu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Mama Ramla alimgeukia baba yake, naye Babu, aliyekuwa ameyaona maneno yote kwenye midomo ya mjukuu wake, akainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe," alisema Hadidja, na machozi yakamtoka hadharani. "Sikutaka useme kwa kopo tupu."

Mama Ramla alisimama tu na mwiko wake, na maumivu usoni mwake yalionekana na kila mtu. Mwalimu Nestor alikuja akamwekea Hadidja mkono begani.

"Umefanya kazi ya sayansi," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Jaribio limesema hapana, na wewe umeileta hapana hiyo jinsi ilivyo. Sasa tunaweza kuanza kufikiri. Niambie, nyumbani munamuita Babu namna gani?"

"Tunagonga benchi."

"Anageuka kwa sababu amewaona?"

"Hapana, Mwalimu. Hata akitupa mugongo anageuka."

Yvette aliruka kutoka alipokuwa amekaa. "Basi wimbi linamufikia!"

"Linapita wapi?"

"Ku mbao," alisema Hadidja, akijifuta uso. Alifikiri. "Linapita ku mbao, linaingia ku mwili. Ku mifupa." Akamtazama mwalimu. "Mwalimu, ulisema sikio lina ngozi mulangoni, na kuna ndani zaidi. Labda ndani hakujaharibika. Mulango tu njo umeharibika."

"Labda. Mifupa ya kichwa inaweza kupeleka mutikisiko mpaka huko ndani bila kupita mulangoni. Lakini labda haitoshi. Tutajuaje?"

"Tujaribu," alisema Hadidja.

Kopo likiwekwa sikioni linatikisa hewa tu. Ilitakiwa kitu kigumu, kitakachoutoa mtikisiko kwenye waya na kuufikisha kwenye mfupa wa kichwa. Watoto walitaja kalamu, walitaja kijiti. Hadidja alikuwa akitazama mkono wa mama yake.

"Mama, nipe muiko."

Ulikuwa mwiko mgumu, mweusi kwa miaka ya moto, ambao Babu aliuchonga mwenyewe. Hadidja aliufuta kwa upindo wa nguo, akaufunga ncha ya waya shingoni, akampelekea Babu. Akamwonyesha auume mpini kwa meno. Babu akauuma.

"Una chumvi," alisema kwa shida, na watu wakacheka kidogo, kwa woga.

Mwalimu Nestor ndiye aliyeweka masharti. Babu akae ameupa uwanja mgongo, afungwe macho kwa kitambaa. Mama Ramla aende na kopo nyuma ya ukuta wa darasa, mahali asipoonekana, waya upite dirishani bila kugusa kitu. Na asiwepo mtu wa kutaja kwanza maneno yatakayosemwa. Hata mama mwenyewe asimwambie yeyote.

Mama Ramla alikwenda. Hadidja alibaki kando ya Babu, akitazama waya.

Hakikutokea kitu. Babu alikaa kama jiwe, mwiko menoni. Mtu akakohoa. Hadidja aliona waya umelegea katikati, umelala juu ya dirisha.

"Mama, vuta! Vuta unyooke!" alipiga kelele.

Waya ukainuka, ukanyooka, ukatetemeka mbele ya macho ya watu wote. Kutoka nyuma ya ukuta walisikia mama akisema kitu kwa nguvu ndani ya kopo, lakini maneno hayakufahamika. Kisha mikono ya Babu, iliyokuwa imelala mapajani, ikainuka, ikaushika mpini.

Akautoa mwiko mdomoni.

"Nani huyu?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, na hata kama wangejibu, Babu alikuwa amefungwa macho.

"Nimesikia mutu," alisema Babu. "Mbali, kama anasema chini ya maji. Anasema yeye ni Ramla. Anasema mikono yangu ilikuwa ku masikio yake, anasema asante." Akageuza kichwa huku na huku na kitambaa chake, akitafuta. "Lakini Ramla ana sauti ya mutoto. Hii ni sauti ya mama yake."

Mama Ramla alikuwa amekwisha acha kopo. Alikuja mbio kuzunguka ukuta, kitenge mkononi, akapiga magoti mbele ya baba yake na kumvua kitambaa. Babu alimshika kichwa kwa viganja viwili, pande zote mbili, juu ya masikio, na nyuma ya masufuria akina mama walikuwa wakilia bila kujificha. Bibi yake Hadidja, mke wa Babu, alifariki kabla yeye hajazaliwa, na kumbe sauti yake ilikuwa ikiishi nyumbani mwao siku zote, ikigombeza watu kwa ajili ya termosi.

Walipotulia, Babu alinyoosha kidole kwa Hadidja. "Na huyu? Huyu sijampata bado."

Akafungwa macho tena, akauma mwiko. Hadidja alikwenda nyuma ya ukuta, akavuta waya ukanyooka. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, lakini yote yalimkimbia isipokuwa moja.

"Babu!" alisema kwa nguvu zake zote. "Unataka sombe ao samaki?"

Uwanja ulingoja.

"Samaki!" alijibu Babu. "Na pilipili kidogo! Ee Mungu wangu, sauti kali hivi, nyumba ilikuwa inaistahimili namna gani?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwalimu Nestor alimwambia Mama Ramla ampeleke mzee hospitali kwa mtu anayejua masikio, maana jambo hili lilionyesha kwamba ndani bado kuna uhai, na huenda ikapatikana njia bora kuliko mwiko. Kisha akamwomba Babu awaambie watoto neno moja.

Babu alisimama na kusawazisha kofia. Alizungumza kwa sauti kubwa mno, kama kawaida ya mtu asiyejisikia mwenyewe, lakini hakuna aliyeona kasoro.

"Watoto, mimi njo nilidanganya, muzee muzima. Nilidanganya kwa sababu ya mapendo, na nilizani uongo wa mapendo hauna hasara. Huyu mutoto angenifuata, leo ningesoma midomo ya binti yangu, ningesema 'nimesikia', mungepiga makofi, tungekwenda kula. Na kesho hakuna ambaye angetafuta tena, kwa sababu ya nini kutafuta kitu ambacho watu wanazani kimekwisha patikana? Ningekufa na kopo ku sikio, na sauti hii ikiwa hapa, urefu wa muiko tu." Akamtazama Hadidja. "Ukimupenda mutu, muambie ukweli, hata kama mikono inatetemeka. Halafu ubakie pale, umusaidie kutafuta."

Watu walipiga makofi. Mama Ramla alijifuta macho, akamvuta Hadidja kifuani, akamwacha hapo kidogo. Ndipo harufu ikamfikia.

"Wali!" alipiga kelele. "Wali unaungua! Nipeni muiko wangu!"

Babu aliyaona maneno hayo kwenye midomo yake vizuri sana. Aliukumbatia mwiko kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja.

"Huu hauendi tena ku chungu," alisema. "Wako nilikwisha kuchonga ile Alhamisi. Uko ku benchi."